Prinsi Aliyeomba Msamaha Paredini

Kila shule ikichomwa, maswali huwa ni yale yale. Petroli ilitoka wapi? Nani alikuwa na simu? Wazazi wa siku hizi wanalea nini huko nyumbani? Lakini swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kulala kwenye deka ya bweni angeanza nalo, hulisikii kwenye habari za saa moja: prinsi wa hapo ni mtu wa aina gani?

Leo naongea kuhusu huyo mtu. Wizara iko, TSC iko, wazazi wako, nitawafikia siku ingine. Leo ni prinsi. Mwenye muhuri, mwenye funguo, mwenye kipaza sauti cha paredi.

Najua kuna wale watasema, wewe uliacha chuo mwaka wa pili, mambo ya elimu unayajulia wapi? Sawa. Chuo niliacha, na hiyo stori si ya leo. Lakini sekondari nilikaa miaka minne ya kulala ndani, kula ndani na kuugua ndani. Hakuna mtaalamu atakuja kuniambia venye bweni huwa saa nane usiku, wakati wasee sabini wamelala na mmoja ako macho anaangalia dari.

Kuna kitu wataalamu wanaita stadi za kijamii na kihisia. Ukitoa hilo jina suti, unabaki na mambo ya kawaida kabisa. Ujue umekasirika kabla ngumi haijatoka. Ukae na hiyo hasira mpaka ipoe. Uone mwenzako ameanza kula peke yake na umuulize kuna nini. Ukatae kitu bila kumtusi mtu. Huko Chicago kuna shirika linaitwa CASEL ambalo tangu 1994 kazi yake ni hiyo tu, kusukuma shule zichukulie hivi vitu kwa uzito zinavyochukulia hesabu. Na msianze kusema ni mambo ya wazungu. Huu mtaala wetu wa CBC una umilisi saba wa msingi, na ndani yake kuna mawasiliano na ushirikiano, kuna kujiamini, kuna uraia. Halafu kuna orodha ya maadili: upendo, heshima, uwajibikaji, amani na mengine. Kwa karatasi tuko juu. Hata sisi wa 8-4-4 tulikuwa na Stadi za Maisha kwenye ratiba. Yetu ilikuwa Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Katika miaka minne nakumbuka ikifundishwa mara mbili. Siku zingine zote mwalimu wa hesabu aliingia, akafuta ubao, akasema, "Hii haitahiniwi, toeni kalkuleta."

Na ratiba ya shule inapitishwa na nani? Ndio hapo sasa.

Wacha niwape mfano mdogo, na ni mdogo kweli, wa mahali ofisi inakaa. Shule yetu ilikuwa ya wavulana, ya bweni, huko Ukambani, wanafunzi kama mia saba. Tulikuwa na ofisi ya ushauri nasaha. Kibao mlangoni kilikuwepo, na bango la mikono miwili imeshikana. Shida ni kwamba ilikuwa kwenye ukumbi mmoja na ofisi ya naibu. Ili ufike pale, unapita dirisha la mwalimu wa nidhamu, unapita mlango wa naibu, unapita benchi ya wale wanaongoja barua za kwenda nyumbani. Ukionekana hapo saa nne, kufika saa kumi bweni zima lina jibu lake. Ameiba. Ameshikwa na bangi. Ameanza kurukwa na akili. Kwa hivyo hakuna mtu alikuwa anaenda, na kila mwisho wa muhula ripoti ilikuwa inasema wanafunzi hawana matatizo.

Mwalimu mwenyewe wa ushauri alikuwa na vipindi ishirini na saba kwa wiki, Kiswahili na Dini, na juu ya hiyo ndiye alikuwa anasimamia stoo ya vitabu. Angekusikiliza saa ngapi? Halafu kulikuwa na jambo moja ambalo nilikuja kulielewa baadaye: alikuwa pia kwenye kamati ya nidhamu. Unamwambia siri yako Jumatatu, Ijumaa ameketi kwenye meza inayokuhukumu. Hii si shule yetu pekee. TSC haina mshauri nasaha wa kazi hiyo tu wa kupeleka kila shule, kwa hivyo mwalimu wa kawaida anaongezewa hilo jukumu juu ya vipindi vyake, na mwenye kuamua anaongezewa nani, anapunguziwa nini na anakaa chumba gani ni prinsi.

Prinsi niliyemkuta 2018 hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi na namaanisha. Nilimwona kwa macho yangu akilipia kijana mmoja karo kutoka mfukoni mwake. Lakini alikuwa anaamini shule inaendeshwa na woga, na alikuwa anaamini kwa moyo safi. Matokeo ya mtihani yalikuwa yanasomwa paredini kutoka namba moja mpaka mwisho, kwa majina matatu. Kumi wa mwisho walikuwa wanabaki mbele wakitutazama sisi wengine mpaka bendera ipande. Ukikohoa unaandikwa. Ukicheka unaandikwa.

Jamaa wa deka yangu ya juu alifiwa na mathe wake tukiwa kidato cha pili. Tulijuaje? Kipaza sauti. Saa mbili asubuhi, katikati ya matangazo ya vifaa vya michezo, jina lake likaitwa, aje ofisini na begi lake, aende nyumbani kwa sababu ya msiba wa mzazi. Wavulana mia saba walijua mathe wake amekufa sekunde ile ile yeye alijua. Alisimama pale kama mtu ameitwa jina ambalo si lake. Mwalimu wa zamu ndiye alimshika mkono.

Alikaa nyumbani wiki moja. Siku ya kurudi, alipewa karatasi tatu za mtihani alizokosa, zote mchana mmoja. Baada ya hapo akaacha kuongea. Si ati alikuwa anakataa kujibu, ukimuuliza anajibu, lakini maneno mawili yanamtosha siku nzima. Usiku alikuwa anashuka, anaenda kuketi kando ya tangi la maji. Nilimfuata mara moja, tukaketi, hakuna aliyesema kitu, tukarudi kulala. Mwezi uliofuata askari wa usiku akampata pale. Asubuhi alipewa barua ya wiki mbili kwa kosa la kuwa nje ya bweni usiku. Nyumbani kwenyewe ni kwa mjomba Dandora, chumba kimoja, watoto wanne. Niliiona ile barua. Ilikuwa fomu iliyochapishwa, unajaza tu. Ilikuwa na mahali pa jina, darasa, kosa na tarehe ya kurudi na mzazi. Mahali pa kuandika sababu hapakuwepo.

Huyo prinsi angeulizwa leo, pengine hata hakumbuki. Na mimi nimejaribu kumwelewa. Prinsi wa Kenya anaamka na vitu vingi. Serikali ilisema tangu 2018 itatuma Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na kila mtu anajua hizo pesa huja zikiwa zimechelewa, huku mwenye mahindi na mwenye kuni wameketi getini. Wazazi wanataka wastani upande. Bodi inataka wastani upande. Mheshimiwa akija siku ya tuzo anataka wastani upande. Mwaka huo huo wa 2018, TSC walikuwa wanahamisha walimu wakuu nje ya kaunti zao za nyumbani, kwa hivyo ungekuta mtu wa miaka hamsini na kitu anaishi peke yake kwenye nyumba ya shule, familia iko mbali, na hakuna mtu hata mmoja hapo anaweza kumwambia, "Mzee, leo umechoka, usishike hicho kipaza sauti." Hakuna ofisi ya ushauri nasaha ya prinsi. Namwelewa. Lakini jamaa yangu aliketi kando ya tangi.

Korona ikaja, shule zikafungwa Machi 2020. Sisi tuliokuwa kidato cha tatu tulirudi Januari 2021, na tulipofika getini tukapata prinsi ni mwingine. Mzee mfupi, sauti ya chini, suti moja ya kahawia. Tulimpa miezi mitatu.

Jambo la kwanza alilofanya lilikasirisha walimu wengi. Tulizoea kufungua shule na mtihani, siku ya pili tu, hata kabla godoro halijajua ni lako. Yeye akafuta huo mtihani. Wiki nzima ya kwanza, kila mwalimu wa darasa alipewa daftari na kuambiwa aketi na kila mwanafunzi dakika kumi, nje, chini ya mti, mahali wengine wanawaona lakini hawawasikii. Maswali yalikuwa matatu manne. Unaishi na nani sasa? Hii miezi ulikuwa unafanya nini? Kuna mtu mmepoteza? Unalala vizuri? Mimi nilisema nilikuwa nauza mayai na barakoa stejini. Mwalimu akaandika, akaniuliza faida ilikuwa ngapi kwa trei, tukacheka. Lakini kwenye hizo daftari kulitoka mambo, manze. Kuna walioshinda machimboni wakipakia mawe kwenye lori. Kuna mmoja alikuwa tayari ni baba. Kuna waliozika mzazi na shule haikuwa imejua. Kuna wawili hawakurudi kabisa, na prinsi akapanda bodaboda akaenda kwao. Mmoja alimrudisha.

Sasa hebu fikiria tungefungua na mtihani. Hao wote wangeonekana tu ni watu wameangusha hesabu.

Ya pili ni githeri. Kila Jumatano alikuwa anakuja bwaloni, anapanga foleni, anachukua sahani ya bati kama sisi, anaketi meza tofauti kila wiki. Bila walimu wengine. Wiki za kwanza hakuna aliyefungua mdomo, tulijua ni upelelezi. Wiki ya nne hivi, dogo mmoja wa kidato cha kwanza akamwambia githeri ina mawe. Meza nzima ikaganda. Mzee akatafuta kwenye sahani yake, akatoa kijiwe, akakiweka mezani. "Hili ni langu. Lako liko wapi?" Dogo akatoa lake. Kufika mwisho wa chakula kulikuwa na mawe kumi na moja katikati ya meza, na mpishi ameitwa ayaone. Wiki iliyofuata mahindi yalichaguliwa. Unaweza kusema hiyo ni stori ya mawe, hisia zinaingia wapi? Zinaingia hapo. Ilikuwa mara ya kwanza naona mtoto anamlalamikia mkubwa moja kwa moja, kwa heshima, na kitu kinabadilika bila mtu kuadhibiwa. Hiyo hatukuwa tumewahi kufundishwa na kitabu chochote.

Ya tatu ndiyo ilimgharimu. Aliondoa ofisi ya ushauri kwenye ule ukumbi wa naibu, akaipeleka kwenye stoo kuukuu nyuma ya maktaba, chumba chenye milango miwili. Ukienda maktaba hakuna anayejua umeishia wapi. Akamtoa yule mwalimu kwenye kamati ya nidhamu. Akampunguzia vipindi karibu nusu. Hapo ndipo vita vilianza, kwa sababu vipindi havipotei, vinaenda kwa mtu. Walimu wakasema hawabebi. Kwa hivyo mzee akabeba baadhi yavyo mwenyewe. Prinsi mzima, saa mbili asubuhi, yuko kidato cha kwanza anafundisha ngeli. Hiyo ilinyamazisha watu kidogo, ingawa haikuwapendeza.

Nafika kwenye paredi sasa.

Mnakumbuka mwisho wa 2021. Kalenda ilikuwa imefinywa ili irudi kawaida baada ya korona, mihula mifupi, likizo za kupumua tu, kila mtu amechoka, na mabweni yakaanza kuungua shule baada ya shule mpaka Novemba Wizara ikatoa likizo fupi ya ghafla. Huko Ukambani hatuwezi kuchukulia moto wa bweni kama habari ya kawaida. Kyanguli iko Machakos. Machi 2001, wavulana 67 waliteketea pale kwenye bweni moja. Watu wana ndugu kwenye hiyo hesabu. Kwa hivyo walimu walikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wenyewe ulikuwa halali.

Usiku mmoja wakafanya msako. Chini ya godoro la jamaa wa deka ya juu, yule yule, wakapata chupa ya maji ambayo ndani yake hakukuwa na maji. Ilikuwa inanuka mafuta. Ukiangalia historia yake kwenye faili, mtu wa kutoka nje ya bweni usiku, haongei na watu, ameshawahi kupewa barua, kila kitu kinaingiana. Hakulala hapo. Saa nne usiku alikuwa kwenye gari la shule akipelekwa Nairobi, na aliyetia sahihi ni prinsi mwenyewe, huyu huyu ninayemsifu.

Ilikuwa tapentaini. Jamaa alikuwa anafanya somo la Sanaa na mradi wake wa KCSE ulikuwa wa rangi za mafuta. Alikuwa anaficha chupa kwa sababu darasani ilikuwa inaibwa. Mwalimu wa Sanaa alikuwa nje ya shule hiyo siku, aliporudi akathibitisha kwa dakika moja.

Angeweza kumrudisha kimya kimya. Hiyo ndiyo desturi, mtoto anarudi na mzazi, anaambiwa "rudi darasani," mambo yanaisha. Sisi tungejua ni uongo ulisemwa juu yake, walimu wangejua, na kila mtu angeendelea na maisha. Badala yake, Ijumaa paredini, mzee akamwita mbele. Tuliona jamaa anatoka kwenye mstari na mabega yameinuka masikioni, kwa sababu mara ya mwisho jina lake kuitwa kwenye hicho kipaza sauti alikuwa ameambiwa mathe hayupo. Prinsi akasimama kando yake, si mbele yake. Akasema, "Nilimfukuza kijana huyu usiku bila kumuuliza swali hata moja. Swali lenyewe lilikuwa rahisi: hii ni nini? Nilikuwa na woga na nikaacha woga uamue. Nimemkosea, na nimewakosea nyinyi kwa sababu mliona. Naomba msamaha."

Halafu akanyamaza. Ule ukimya nauskia mpaka leo. Mia saba, hakuna anayekohoa. Naibu alikuwa anaangalia viatu vyake. Jamaa akasema kitu ambacho hatukusikia, mzee akaitika kwa kichwa, wakashikana mikono, na paredi ikaendelea na matangazo ya usafi kama kawaida.

Najua kuna watu watasema hapo alijishusha. Kwenye vyumba vya walimu walisema hivyo, tulisikia. Mwalimu mkuu haombi watoto msamaha, watampanda kichwani. Kilichofuata ni hiki. Jumapili usiku, mtu wa bweni lingine aliingia kwa ule mlango wa pili wa nyuma ya maktaba na kumwambia mwalimu wa ushauri kwamba kuna mpango, na mpango huo ulikuwa wa kweli, na petroli ilikuwa ya kweli. Ilipatikana. Hakuna aliyeungua. Waliohusika waliitwa na wazazi wao na mambo yakashughulikiwa. Jina la aliyesema halikutajwa popote, mpaka leo hatulijui, na nadhani hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Msee alikuwa ameangalia mkubwa akisema ukweli mgumu mbele ya watu bila kufa. Siku mbili baadaye yeye pia akasema wake.

Sheria tunazo, msije mkadhani shida ni sheria. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya mwili na pia mateso ya kiakili, yaani hata kumsimamisha mtoto mbele ya mia saba kwa sababu alipata D ni jambo la kujibu. Na bado paipu iko nyuma ya kabati, mnajua, nami najua. Sheria inakaa Nairobi. Anayeamua kama inaingia getini ni mtu mmoja.

Na pesa pia si kisingizio kikubwa hivyo. Kuna utafiti mmoja wa hapa Kenya ninaoupenda, wa watu wa Shamiri. Walichukua wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za sonona na wasiwasi, wengine wakafundishwa mbinu za kusoma, wengine wakapewa vikao vinne tu, saa moja kwa wiki, vya kuongea kuhusu kukua, shukrani na mambo wanayoyathamini maishani. Waliokuwa wanaongoza hivyo vikao si madaktari. Ni vijana wa miaka 17 hadi 21 waliotoka tu sekondari, yaani watu kama mimi na wewe, wamepewa mafunzo mafupi. Dalili zilishuka zaidi kwa hao wa pili. Matokeo yakachapishwa 2021 kwenye jarida la JAMA Psychiatry, ambalo si gazeti la udaku. (Na hilo jina wamelichagua vizuri. Shamiri ni neno letu, kustawi.) Kilichohitajika kutoka kwa prinsi hapo ni nini? Afungue geti, atoe darasa, atoe saa moja kwa wiki mwezi mmoja. Kuna wangapi wangesema hatuna muda, tuko karibu na mtihani wa majaribio?

Mjomba wangu mmoja, nikimwambia haya, ananiangalia kama nimevaa sketi. "Sisi tulichapwa na tukawa watu." Sawa, mjomba. Lakini mjomba huyo huyo tangu nizaliwe sijamsikia akimwambia mtoto wake yeyote pole. Anapiga simu anauliza mvua imenyesha, halafu anakata. Anampenda mtoto wake, naona, ila hana pa kuanzia, na nikimhesabia miaka yake ya bweni naona mahali ilianza.

Swali la wastani mtaniuliza, kwa hivyo nijibu. Wastani wetu haukupaa. Tulifanya KCSE Machi 2022 na shule ilipanda kidogo, si kitu cha kutangaza kwenye gazeti. Mtu akikuambia shule yenye upendo itatoa A mia moja, anauza kitu. Jamaa wa deka ya juu alipata C+, na A kwenye Sanaa. Siku hizi anachora matatu huko Umoja na ana maneno mengi kuliko mimi.

Mzee naye alihamishwa mwaka uliofuata. Niliambiwa na vijana tuliowaacha kwamba githeri ya Jumatano iliisha wiki hiyo hiyo. Ule mlango wa nyuma ya maktaba ulifungwa kwa kufuli, na ofisi ikarudi ukumbini, kwa sababu stoo ilihitajika. Hapo ndipo nilikasirika kweli, na hasira yangu haikuwa kwa prinsi mpya. Jambo zuri kama hilo lilikuwa limeandikwa wapi? Hakuna. Lilikuwa kichwani mwa mtu mmoja mwenye suti ya kahawia, na alipopanda gari likapanda naye. Walimu wakuu wa sekondari hukutana Mombasa kila mwaka kwenye mkutano wao, na kwenye habari huwa nasikia karo, pesa za serikali na mitihani. Ningependa siku moja nisikie wameulizana chumba cha ushauri kiko wapi kwenye shule zenu, na nani anayekiona mlango.

Januari hii nilimpeleka sistangu mdogo Gredi ya 10, lile kundi la kwanza kabisa la sekondari ya juu. Foleni ya wazazi ilikuwa mpaka nje. Kila mtu alikuwa na swali la maabara, la STEM, la kama watoto wa sanaa na michezo watapata walimu. Mathe alinitumia nikiwa na risiti za benki kwenye bahasha, na zamu yangu ilipofika nikampata prinsi mwenyewe mezani, mama mchangamfu, anaonekana hajalala siku tatu. Nikampa bahasha. Akauliza kama nina swali. Nikamwambia, "Madam, ofisi ya ushauri nasaha iko wapi hapa?"

Alinitazama kidogo, kalamu ikiwa juu. Akaniuliza kama mtoto ana shida. Nikamwambia hana, nilitaka tu kujua njia ya kufika pale inapita wapi. Akageuka kumuuliza karani, karani akasema iko karibu na ofisi ya naibu, ila kwa sasa wameweka viti vipya vya Gredi ya 10 humo ndani.

Madam akaandika kitu kwenye kitabu chake. Sikuweza kusoma ni nini, alikuwa ameshika kalamu upande wangu. Kisha akasema, "Mwambie arudi kuniona Jumatano, yeye mwenyewe," na akaita mzazi aliyefuata.